Kanzoneta kwenye Matanga ya Papa Anselme

Mwenzenu niliumbuka. Sitaki kuzunguka mbuyu, maana huko Saint-Josse, hapa Brussels, habari imeshasambaa na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake (kuna mmoja anasema nilikata mauno mbele ya picha ya marehemu, uongo mtupu, nilitikisa kichwa tu kufuata mapigo), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyesimama pale na maikrofoni mkononi, jasho linanichuruzika mgongoni mpaka kwenye soksi. Mkicheka chekeni, mimi nimeshacheka na kulia vyote.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Kigoma, nimeolewa na Fiston, Mkongo wa Bukavu, tunakaa Ganshoren, kule kwenye ukimya ambako ukiangusha sufuria majirani wanachungulia dirishani. Ndoa tuliifungia komini, yaani ofisi ya manispaa. Upande wa Fiston walijaa mpaka wengine wakasimama ngazini, upande wangu nilikuwa mimi na pochi yangu. Baba na wajomba zangu walinyimwa visa, na mahari ilijadiliwa kwa simu ya video, mtandao unakatika kila wanapofika kwenye habari ya ng'ombe. Basi kwa wakwe zangu nikabaki kuwa "Tanzania", ndilo jina walilonipa, yule mke wa Fiston ambaye watu wake hawajawahi kuonekana. Mama mkwe wangu, Maman Feza, si mtu mbaya, tena hajawahi kunifokea hata siku moja, ila kila nikimpelekea chakula ananiuliza habari za kwetu halafu anakaa kimya kidogo, na kwenye ule ukimya mimi nilikuwa nasikia swali moja tu, kwamba huyu binti tumemwokota wapi? Liliniuma sana swali hilo ambalo hakuwahi kuliuliza, na ndilo lililoniponza.

Papa Anselme, baba mkwe wangu, akafariki. Mzee mpole, Mungu amlaze pema, mtu wa kukukatia kipande kikubwa cha samaki na kujifanya hapendi samaki. Matanga yakawekwa kwenye ukumbi mmoja Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa: viti vya plastiki, picha yake mezani na mishumaa, Maman Feza na kina mama wenzake wamekaa kwenye magodoro, spika mbili kubwa, na jiko nyuma ambako mimi nilikabidhiwa sombe, yaani kisamvu. Maman Feza hakuwa akilia. Alikaa tu na kitambaa chake kichwani, ukimpa pole anaitikia, ukimpa chai anaishika mpaka inapoa, na kina mama wakaanza kunong'ona kwamba mjane asiyelia atakuja kuumwa.

Sasa, kwa watu wa ukoo ule Jumamosi ya matanga ni siku ya wakwe. Kila aliyeoa au kuolewa pale anakuja na watu wake, wanaingia pamoja wakiimba, wanasimama mbele ya picha, wanasema maneno yao, halafu familia inawaketisha na kuwapa chakula. Hicho chakula si chakula tu, jamani. Ukiona watu wako wamepewa sahani mbele ya ukoo, ujue umekubaliwa, hakuna tena wa kukuuliza ulitokea wapi.

Aliyekuwa anapanga yote hayo ni Tonton Bahati, mdogo wake marehemu, ambaye kwenye kila shughuli ya familia ndiye protokole, yaani anashika maikrofoni na haiachii. Akanifuata jikoni, mimi macho yananiwasha kwa moshi wa mafuta.

"Weye Tanzania, bantu yako batakuya samedi?"

"Tonton, watu wangu si wako Kigoma..."

"Bon, miye napanga programme tu. Kila mukwe na bantu yake. Kama hakuna, sema hakuna, tutakuruka."

Tutakuruka! Yaani Jumamosi nzima wataitwa wakwe mmoja mmoja, ikifika zamu yangu wataruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji, na Maman Feza amekaa pale anaangalia. Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe, haki ya Mungu sikuupa ruhusa.

"Watakuja, Tonton. Kwaya yangu itakuja."

"Chorale? Uko na chorale?"

"Ninayo."

Na kweli ninayo, msinifikirie vibaya. Kila wiki nakwenda kuimba na wastaafu wa Ganshoren, chini ya Madame Mireille, mwalimu mstaafu wa muziki, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu ambaye akikasirika anafunga macho. Nilijiunga kwa upweke tu, nikaja kuwapenda. Tatizo ni nyimbo zao. Hawaimbi za kanisani, wao wamezama kwenye nyimbo za Kitaliano za miaka mia nne iliyopita, zile nyepesi wanazoziita kanzoneta: sauti tatu, beti fupifupi zenye tuni ileile, na kiitikio cha kuchangamsha. Zilikuwa nyimbo za kujifurahisha baada ya kula, watu wamekunywa divai, wanataniana. Na katika hizo zote, wimbo mmoja tu ndio waliokuwa wanaujua kwa kichwa bila makaratasi, kwa sababu ndio wanaomalizia kila onyesho huku wakitoka mlangoni kwa maringo.

Wimbo wenyewe sasa. Niwaambie unasema nini ili mjue ukubwa wa janga. Ni mwanamke kijana ana mume mzee. Mzee amelala. Mwanamke anamwita mchungaji wa kondoo, kijana barobaro, anamwambia mzee amelala fofofo, njoo mpenzi, vua viatu mlangoni usipige kelele. Ubeti wa pili, hata kengele za kanisa hazimwamshi mzee, na mlango nimeuacha wazi. Ubeti wa tatu, divai ya mzee iko mezani na kitanda cha mzee kina nafasi. Halafu kiitikio, li-ro-li, li-ro-la, ambacho hakina maana yoyote zaidi ya kufurahia hayo yaliyotangulia. Wimbo huo, kwenye msiba wa mzee, mbele ya mjane wake.

Nilijua. Sitajitetea. Nilijua kila neno, maana Madame Mireille alitufafanulia tangu mazoezi ya kwanza. Lakini walioweza kuja Jumamosi hiyo walikuwa wachache, wa kupiga kinanda hakuwepo, na kuwafundisha wimbo mpya wa Kiswahili kwa siku zile zilizobaki, watu ambao "Bwana" tu wanaitamka kwa shida, haikuwezekana. Nikajiambia, nani kwenye ule ukumbi anajua Kitaliano? Hakuna. Tutauimba polepole, tutainamisha vichwa, utakuwa kama zaburi, tutakaa, tutakula, basi.

Madame Mireille mwenyewe alishtuka. Akaniuliza kwa Kifaransa, "Una uhakika, mpenzi wangu? Huu? Kwenye msiba?" Nikamjibu bila aibu kwamba kwetu Afrika msiba si wa kulia tu, watu wanapenda kuchangamshwa. Akanishika mkono, akasema jambo hilo ni zuri sana, Wabelgiji wamesahau. Na Fiston wangu, maskini, akaniuliza wimbo unahusu nini, nikamwambia unahusu mchungaji. "Ah, Bwana Yesu," akasema. Mimi nikageukia sufuria.

Usingizi ukanihama wiki nzima. Nikifumba macho namwona Papa Anselme anaamka kwenye picha yake ananiuliza, mkwe, nimekukosea nini? Nilifikiria kusema naumwa, nikafikiria kusema Madame Mireille anaumwa, nikafikiria hata kumwambia Tonton Bahati ukweli, lakini kila nikikumbuka lile neno "tutakuruka" naghairi.

Jumamosi mchana wakafika, wote weusi tititi kuanzia viatu mpaka skafu, wamebeba tati za sukari, zile keki bapa za Kibelgiji, kwenye maboksi, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, wanamwamkia na kumpa pole kila mtu "bonjour madame, toutes mes condoléances" mpaka watoto. Waliingia kwa heshima ile mpaka nikataka kulia, maana walikuwa wamekuja kwa ajili yangu, na mimi nimewaleta kutukana bila wao kujua.

Tonton Bahati akatangaza: "Alors, sasa ni bakwe ya ku Tanzania!" Ukumbi mzima ukageuka, unatafuta Watanzania, unaona vibibi na vibabu vya Kibelgiji vimepanga mstari. Kukawa na mnong'ono kidogo. Nikasimama katikati yao, Madame Mireille akainua kidole, tukaanza.

Polepole, kama tulivyokubaliana. Na jamani, ilikuwa nzuri. Sauti tatu zikapanda kwenye dari lile la chini, kina mama wakanyamaza, mmoja akasema "Yesu wangu", nikaona Fiston anafuta machozi, nikajiambia Mungu mkubwa, tumepona. Tukafika kwenye kiitikio. Li-ro-li, li-ro-la.

Nilichosahau ni kwamba Wakivu, watu wa kwao Fiston, huwezi kuwapa kiitikio ukadhani kitabaki chako. Mara ya kwanza walisikiliza. Mara ya pili, ukumbi mzima, li-ro-li, na sauti ya nne wakaitafuta wenyewe wakaipata, na jamaa wa kanisani kwao aliyekuwa na ngoma akaingia taratibu, kisha si taratibu. Mwendo ukapanda. Madame Mireille, ambaye damu yake iko kwenye wimbo huu kwa mwendo wake halisi, akafumbua macho kwa furaha, mabega yakaanza kucheza, na wastaafu wangu wakaanza ile miondoko yao ya maringo ya kutoka mlangoni. Ndipo nilipotikisa kichwa. Kichwa tu!

Tonton Bahati akainua mkono, ngoma ikanyamaza. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuelekea kwenye viti.

"Ngoja, ngoja, Tanzania! Wimbo kama huu hatuwezi kuuacha upite bure. Maneno inasema nini? Kuya hapa, utufasirie, phrase kwa phrase."

Nikahisi ubaridi umenishika mpaka kwenye meno. Ningelijua hili mapema kama ningekuwa na akili, kwa sababu kanisani kwao mhubiri hasemi sentensi mbili bila mkalimani kando yake, hawa watu wamezoea kila kitu kutafsiriwa papo hapo, Kifaransa kwa Kiswahili, Kiswahili kwa Kilingala, kuacha maneno yapite bila kufasiriwa wanaona ni kumnyima mtu chakula. Na wimbo wa msiba ndio kabisa. Akanipa maikrofoni. Madame Mireille akaelekezwa aimbe mstari, anyamaze, mimi nitafsiri. Akafurahi, akanikonyeza.

Mstari wa kwanza ukaimbwa. Maman Feza kwenye godoro ameinua uso.

"Mzee amelala," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Amina," wakasema.

Mstari wa pili. "Ewe Mchungaji... Mwema, njoo."

"Amina!"

Mstari wa tatu. "Vua viatu vyako," nikasema, "maana mahali hapa ni patakatifu."

"Amina! Haleluya!"

Mama mmoja akavua viatu vyake palepale. Wakamfuata wengine. Nikatazama chini, naona viatu vinasukumwa chini ya viti, na mimi ndani yangu nasema, Mungu wangu, nipasulie hii sakafu nidumbukie kwenye duka la vitambaa. Ubeti wa pili nikasema kengele za kanisa hazitamwamsha tena mpaka siku ile kuu, na mlango uko wazi, mlango wa mbinguni. Wakapiga vigelegele. Tonton Bahati aliinamisha kichwa, akalia waziwazi, mtu mzima, kaka yake amelala na mlango uko wazi. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Umebaki ubeti wa kitanda. Nilikuwa nimeshautengeneza kichwani, divai itakuwa ya komunyo na kitanda kitakuwa cha mapumziko ya milele, nikavuta pumzi, na hapo mlango wa ukumbi ukafunguka akaingia padri.

"Abbé Placide!" Tonton akapaza sauti, uso umemng'aa katikati ya machozi. "Abbé, umefika saa ya Mungu! Bantu, huyu Abbé alisomaka Roma, myaka mingi! Kitaliano ni luga yake! Tanzania, mupe micro. Abbé, endelea pale alifika."

Roma. Kwenye msiba wa Wakivu, jamani, kuna msiba usio na padri? Na padri wa Kikongo aliyefika Brussels, mara ngapi amepitia Roma kusoma? Ningemuuliza Fiston swali moja tu wiki nzima ile ningejua. Nikampa Abbé maikrofoni, spika zikakoroma.

Abbé Placide ni mzee wa kitambi kidogo na sauti ya upole. Akasimama kando ya picha, akafumba macho kwa ibada, akangoja. Madame Mireille akaimba ubeti wa tatu kwa moyo wote, anamwangalia padri usoni, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyeonekana kuelewa. Abbé akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Kisha akanitazama mimi.

"Bon," akasema.

"Amina," wakasema.

"Ubeti huu inasema... iko divai."

"Amina!"

"Iko... ku meza."

"Amina!"

"Na iko..." Akatoa leso, akajifuta paji la uso. "Iko pia meuble ingine ya mu nyumba."

Kwa fanicha hiyo isiyo na jina, amina ikatoka nyembamba, wachache tu.

"Abbé, tupe yote!" Tonton Bahati akasema. "Usitufichie Neno!"

Abbé akashusha maikrofoni, akanisogelea, na akanong'ona, ila spika ile haikujua kunong'ona, wote wakasikia. "Mwanangu, miye siwezi sema uongo mbele ya picha ya Anselme. Na ukweli, si miye njo naleta hapa. Sema weye."

Nikasema. Sijui niliutoa wapi huo ujasiri, au labda haukuwa ujasiri, labda nilichoka tu kuogopa. Nikasema wimbo huu si wa kanisa. Nikasema ni wa mwanamke, mume wake mzee amelala, anamwita kijana mwingine. Nikasema mchungaji ni wa kondoo wa kweli, wenye manyoya. Nikasema viatu ni vya kuvua ili mzee asisikie. Nikaeleza na mlango, na kitanda pia nikakitaja kwa jina lake. Nikamaliza kwa kusema nisameheni, sikuwa na watu wa kuleta, hawa ndio pekee niliokuwa nao, na huu ndio pekee wanaoujua.

Kina mama wakaanza kuvitafuta viatu vyao kwa miguu, chini chini, bila kuangaliana. Fiston ameziba uso kwa viganja viwili.

"Mbele ya mujane?" Tonton Bahati akanigeukia. "Unaleta wimbo ya mwanamuke anadanganya muzee, mbele ya mujane? Miye nimelia! Nimelia juu ya nini, juu ya mwizi wa bibi ya bantu?"

Nikajaribu kujiokoa, mjinga mimi. Nikasema, Tonton, kwetu Tanzania kuna watani, msibani wanakuja kuchekesha wafiwa, wanaruhusiwa hata kumwiga marehemu...

"Na hawa bazungu ni batani betu tangu lini?"

"Tangu zamani za babu zetu," bibi mmoja akajibu kutoka nyuma, "ila sisi njo hatukuchekaka!"

Watu wakabana vicheko kwa mikono. Tonton hakucheka. "Batoke," akasema. "Bote. Na weye pamoja nabo." Na Madame Mireille, ambaye hakuelewa neno hata moja, akaniinamia kwa tabasamu lake, akaniuliza kama wanataka turudie.

Nikamshika kiwiko nimtoe. Machozi yananitoka, siyafuti. Nilikuwa nimeshamaliza hesabu zangu zote: Fiston atanisamehe, ni Fiston, lakini kwenye nyumba ile nimekwisha, heri ningerukwa mara mia.

"Tanzania."

Sauti ndogo, imekauka. Ilikuwa ya Maman Feza, na ukumbi mzima uligeuka kwa sababu mama yule hakuwa amesema neno la peke yake tangu msiba uanze.

"Abee, Maman."

"Ule muzee ya mu wimbo. Anaamuka?"

Sikuelewa mwanzoni.

"Mzee, Maman?"

"Bamesema amelala. Nauliza, mpaka mwisho ya wimbo, anaamuka ao haamuke?"

"Anaamka, Maman," nikasema. "Kuna ubeti wa mwisho, hatujauimba. Anaamka, anachukua fagio, anamfukuza yule kijana mpaka barabarani. Halafu anarudi ndani anauliza supu yake iko wapi."

Maman Feza akakaa kimya, ule ukimya wake ninaoujua. Mikono yake ilikuwa imekunja kitenge magotini.

"Basi baimbe ile," akasema.

"Maman..." Tonton akaanza.

"Bahati, ikala."

Tonton akaketi. Nikamwambia Madame Mireille, ubeti wa mwisho. Akanitazama usoni, akamtazama mjane, na nadhani hapo alielewa kitu, maana hakufanya maringo yoyote. Akainua kidole. Tukauimba kwa mwendo wake wenyewe, mwepesi, wala si wa haraka wala si wa kanisani, na Abbé akasogea mpaka kwenye godoro, akapiga magoti, akamtafsiria Maman Feza sikioni mstari kwa mstari. Mzee ameamka. Mzee ametafuta fagio. Mzee amefungua mlango.

Kwenye fagio, Maman Feza alicheka. Kicheko kifupi, kilimtoka kabla hajakizuia.

"Wa kwangu angetafuta kwanza lunettes," akasema, akagusa machoni mahali pa miwani.

Halafu akaanza kulia. Kilio kilitoka chini kabisa, kirefu, akamwita mumewe kwa jina, Anselme, Anselme, amuka basi, na kina mama wakamzunguka wakalia naye, na ukumbi mzima bila kuambiwa na mtu ukashika li-ro-li, li-ro-la, polepole, ngoma haikupigwa. Mimi nilisimama palepale nalia kama mtoto, na kando yangu mzee mmoja wa kwaya yetu analia pia, hajui hata kwa nini.

Maman Feza alipotulia, alifutwa uso, akanywa maji. Tonton Bahati alikuja na kuinama mbele yake, akamuuliza kwa adabu, bakwe hawa tufanye nabo nini. Maman Feza akawaangalia mmoja mmoja, skafu zao nyeusi, maboksi yao ya tati wameyakumbatia kifuani kwa woga.

"Ni bakwe yangu," akasema. "Bape chakula. Na sombe ya Tanzania, musibape kidogo."

Wakaketishwa mstari wa mbele. Madame Mireille alikula sombe mara mbili, na mimi nilipakuliwa sahani na Tonton Bahati mwenyewe, amenuna, lakini ameweka samaki mkubwa. Sikuweza kumeza, nilikaa nayo tu mapajani mpaka ikapoa.

Kwa hiyo hapa naapa, na nyinyi muwe mashahidi wangu: sitashika tena maikrofoni ya mtu kutafsiri kitu chochote, hata maneno ya kwenye boksi la tambi, na siku nikijisikia kusema "nani hapa atajua?", nitaangalia kwanza mlangoni nione nani anaingia. Kwenda kwenye mazoezi sijaacha, ila kanzoneta ile tukiifikia mimi naimba beti tatu za kwanza kwa mdomo mtupu, sauti haitoki. Nangoja mzee aamke.